Nilipe Ada kwa Somo Lisilonipa Krediti?

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 39, na ninaishi Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani. Tulifika hapa mwaka 2014 baada ya mume wangu kushinda bahati nasibu ya viza, na sasa sote wawili ni raia. Nyumbani Tanzania nilikuwa karani wa hesabu mwenye stashahada ya uhasibu. Hapa ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kulelea wazee, na huu ni mwaka wangu wa saba katika kazi hiyo. Ninawaogesha wazee, ninawalisha, ninawageuza kitandani kila baada ya saa mbili ili wasipate vidonda vya kulalia, na nimefika mahali ambapo nikimshika mzee mkono ninatambua kwamba leo hayuko sawa, kabla hata ya kipimo kusema lolote. Lakini muuguzi akija na kuniuliza nimeona nini na wapi, ninamwonyesha kwa kidole, kwa sababu jina la mahali hapo silijui.

Nataka kuwa muuguzi. Miongoni mwa masomo ninayotakiwa kuyafaulu kabla ya kuomba nafasi ya uuguzi ni anatomia na fiziolojia, na hapo ndipo penye hofu yangu. Katika mtihani wa kidato cha nne nilipata F ya Baiolojia, na tangu siku ile nimejihesabu kuwa mtu ambaye sayansi ilimkataa. Mwezi uliopita nilikwenda katika chuo cha jamii (chuo cha umma cha miaka miwili) kilicho karibu nasi, na mama aliyenihudumia akaniambia kwamba ninaweza kujiandikisha kama msikilizaji, yaani nitaingia darasani na kufuatilia mafunzo yote, ila sitapata alama wala krediti, yaani vile vipimo vya somo vinavyohesabiwa kuelekea cheti au shahada. Jambo hilo wanaliita "odit", na mimi niliyezoea neno hilo kwa maana ya wakaguzi wanaokuja ofisini kufukua hati za malipo, nilidhani wanataka kukagua vyeti vyangu.

Wazo hilo lilinipendeza sana. Nilijiona nikikaa darasani muhula mzima bila kuogopa mtihani, kisha muhula unaofuata nikirudia somo lile lile kwa krediti nikiwa nimekwisha kulizoea. Nilipomweleza mume wangu alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza: "Utalipa ada kamili, utakosa jioni mbili kila wiki, na mwisho wake huna krediti wala cheti. Tofauti yake na kutazama video za bure ni nini?" Shangazi, sikuwa na jibu. Ada ya somo hilo moja inakaribia mshahara wangu wa wiki nzima, na yeye anaendesha lori usiku ili tuweze kulipa kodi ya nyumba. Kijana mmoja wa kanisani kwetu, aliye hapa kwa viza ya mwanafunzi, amenitia moyo kwamba hakuna hasara, kwa kuwa hata nikianza kama msikilizaji ninaweza kugeuza baadaye nikapata krediti. Yeye mwenyewe, anasema, somo likimwelemea hulifanya la kusikiliza tu na maisha yanaendelea.

Kuna jambo la pili linalonisumbua. Mama yangu mzazi ana miaka 64, na alikuja kuishi nasi miaka miwili iliyopita. Alifundisha shule ya msingi kwa miaka 34. Siku hizi huwaandaa wajukuu wake, wa miaka tisa na sita, asubuhi waende shule, huwapokea kwenye basi saa tisa alasiri, na kati ya saa hizo hukaa dirishani. Niliazima maktaba kitabu cha mifupa ya binadamu, na jioni moja nikamkuta amekifungua mezani na ametoa daftari. Alikuwa ameuchora ule mchoro upya kwa penseli na kuandika kando ya kila mfupa jina lake la Kiswahili: mtulinga, nyonga, ugoko, kisigino. Aliponiona alilifunga daftari, akasema alikuwa anapitisha muda. Nimesikia kwamba wazee hapa huruhusiwa kusoma chuoni bure. Lakini naye akienda darasani, watoto wangu atawaangalia nani?

Naomba unishauri, nijiandikishe kama msikilizaji au niachane na jambo hili?

Msaidizi wa wauguzi,
Columbus, Ohio

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na swali la mume wako, kwa sababu ni swali zuri na halijatoka kwa mtu anayekudharau. Mtu anayeendesha lori usiku ili kodi ilipwe ana haki ya kuuliza fedha inakwenda wapi na itarudi na nini. Kosa lingekuwa kumjibu kwa machozi au kwa ukimya, ilhali linaweza kujibiwa kwa kalamu na karatasi, nawe ni mtu wa hesabu.

Anayehudhuria somo kama msikilizaji hupewa kiti, silabasi, sauti ya mwalimu na, mwalimu akikubali, nafasi ya kuuliza maswali. Kazi zake kwa kawaida hazisahihishwi na mtihani hafanyi. Mwisho wa muhula, pale panapowekwa alama kwenye transkripti, yaani hati ya matokeo yako yote, vyuo vingi huandika herufi mbili tu, AU, ambazo haziingii katika GPA, yaani wastani wa alama zako, haziipandishi wala haziishushi. Neno odit lenyewe limetoka katika Kilatini, lenye maana ya kusikia, na hata wale wakaguzi wa hesabu unaowakumbuka walilirithi kutoka huko huko, kwani zamani hesabu zilisomwa kwa sauti mbele ya mkaguzi naye akazisikiliza. Kwa hiyo hukukosea sana ulipolifananisha.

Sasa tazama kile usichopewa, na hapa nitasema wazi kwa sababu ni fedha yako. Kwa mtu wa umri wako, vyuo vingi humtoza msikilizaji ada ile ile anayolipa anayesomea krediti, au pungufu yake kidogo. Msaada wa masomo wa serikali kuu, ukiwamo ule wa Pell wanaopewa wanafunzi wenye kipato kidogo, haulipii somo la kusikiliza. Kama nyumba ya wazee unakofanya kazi ina utaratibu wa kuwarudishia wafanyakazi ada, soma masharti yake kabla hujajaza fomu, maana kwa kawaida mwajiri hurudisha fedha baada ya kuiona alama, na msikilizaji hana alama ya kumwonyesha. Na shule ya uuguzi haitalihesabu somo ulilolisikiliza kama sharti lililotimizwa. Kwao itakuwa kana kwamba hukulisoma. Isitoshe, anatomia na fiziolojia huwa na saa za maabara, na vyuo kadha wa kadha haviwaruhusu wasikilizaji katika masomo ya maabara, kwa sababu nafasi za mezani ni chache na kila moja ina mtu anayeihitaji kwa krediti. Huenda basi jambo unaloligombania na mume wako halipo kabisa katika chuo hicho, na hilo ndilo la kwanza kuuliza.

Ukiyaweka haya yote mezani utaona kwamba mume wako ana haki kwa sehemu kubwa. Kulipa ada mara mbili kwa somo moja, mara ya kwanza ili kuzoea na mara ya pili ili kufaulu, ni gharama kubwa mno kwa nyumba yenye mishahara miwili ya jasho. Lakini hana haki anaposema kuwa hakuna tofauti na video. Tofauti ipo, ninaifahamu kwa sababu nimeishi pande zake zote mbili, na nitakueleza.

Mwaka 1999 nilijiandikisha kama msikilizaji katika darasa la takwimu, katika chuo kikuu kimoja cha jimbo tulilokuwa tukiishi. Nilikaa safu ya nyuma. Wiki tano za mwanzo nilikwenda kila siku, nikaandika kila kilichoandikwa ubaoni, na nikarudi nyumbani nikiamini kuwa nimejifunza. Wiki ya sita sikwenda kwa sababu ya theluji, wiki ya saba mtoto alikuwa na homa, na wiki ya nane sikuwa na sababu yoyote, sikwenda tu. Hakuna aliyeniuliza. Profesa hakuwa ananidai kitu, nami sikuwa ninamdai. Muhula ulipokwisha nilikuwa na daftari lililojaa hadi nusu, na sikuweza kukokotoa hesabu hata moja kati ya zile nilizozinakili.

Baada ya miaka miwili nililirudia darasa lile lile, kwa profesa mwingine, bado kama msikilizaji kwa sababu sikuwa na uwezo wa ada ya krediti. Safari hii nilimwendea ofisini kabla ya kipindi cha kwanza nikamwomba kitu kimoja, aniruhusu nifanye majaribio pamoja na wenzangu na, akipata nafasi, anisahihishie. Alikubali kusahihisha mawili kati ya manne. Karatasi ya kwanza ilirudi na 61 iliyozungushiwa duara, na pembeni, kwenye swali la tatu, alikuwa ameandika sentensi moja kuonyesha nilipoanza kupotea. Alama ile haikuandikwa popote, na hadi leo ninakumbuka swali lile. Video haina namna ya kukuonyesha ulipoanza kupotea. Inaendelea mbele, nawe unaendelea kutikisa kichwa. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama kusikiliza kuna faida, humjibu kwamba ipo kwa anayefanya kazi zote kama mwenye krediti, na kwamba kwa anayekuja kukaa tu, fedha yake ingefanya jambo jingine.

Turudi kwako. Kijana wa kanisani amekupa habari iliyopinduka, na ningependa uielewe vizuri kwa sababu mpango wako mzima umesimama juu yake. Ni kweli kwamba unaweza kubadilisha hali yako darasani, lakini mlango huo hufunguka zaidi kwa upande mmoja. Katika vyuo vingi, anayetaka kutoka kusikiliza kwenda krediti hupewa siku chache za mwanzo tu, pamoja na siku za kuongeza na kuacha masomo, baada ya hapo hakuna ruhusa, na muhula ukishakwisha hakuna namna ya kuigeuza AU kuwa alama. Lakini anayetaka kutoka krediti kwenda kusikiliza mara nyingi hupewa muda mrefu zaidi, pengine wiki kadhaa. Tarehe hizo mbili zimo katika kalenda ya chuo, na hutofautiana chuo hadi chuo, hivyo usizichukue kutoka kwa mtu, zisome mwenyewe au uziulize ofisi ya msajili.

Ndiyo maana ushauri wangu ni kinyume cha ulivyopanga. Jiandikishe kwa krediti. Kabla ya kulipa, chukua silabasi utazame jaribio la kwanza litafanyika lini, kisha uchukue kalenda utazame siku ya mwisho ya kugeuza somo kuwa la kusikiliza. Kama jaribio linatangulia, nawe ukapewa matokeo kabla ya siku hiyo, utakuwa na kitu ambacho msikilizaji wa tangu mwanzo hana, yaani karatasi yenye jina lako inayosema umesimama wapi. Ukiwa umesimama vizuri, unaendelea na somo linahesabiwa, na ada umelipa mara moja. Ukiwa umeanguka vibaya, unajaza fomu ya kugeuza, unabaki darasani hadi mwisho ukifanya kila zoezi, na muhula unaofuata unarudi kwa krediti bila D au F kukusubiri kwenye transkripti. Hapo ndipo kusikiliza kunapokuwa na thamani ya ada yake, kwa sababu shule za uuguzi huchagua watu kwa ushindani wa alama, na zipo zinazohesabu mara ngapi umelijaribu somo na si matokeo ya mwisho peke yake.

Kabla ya kuufuata mpango huu, mwone mshauri wa wanafunzi wa uuguzi pale chuoni, si wa mapokezi, na umuulize kama somo lililogeuzwa kuwa la kusikiliza linahesabiwa kuwa mara moja kati ya mara unazoruhusiwa kulijaribu somo. Akikujibu kwamba halihesabiwi, mpango umesimama. Akikujibu kwamba linahesabiwa, basi faida yake imepungua sana. Mwombe akuandikie jibu hilo kwa barua pepe. Na kama utapata msaada wa Pell, nenda pia ofisi ya misaada ya masomo uwaulize itakuwaje ukigeuza katikati ya muhula, kwa kuwa kupungua kwa krediti kunaweza kupunguza msaada wenyewe, na sitaki ukutane na deni ambalo hukulitarajia.

Kwa kijana wa kanisani nina neno, nawe umfikishie kwa upole. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye viza ya F-1, yaani viza ya mwanafunzi kama yake, anatakiwa kubeba angalau krediti 12 kila muhula wa kawaida, na somo la kusikiliza halimo katika hesabu hiyo. Akiwa na krediti 12 kamili na akaligeuza somo la krediti tatu, amebaki na tisa, na kama hakupata idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kufanya hivyo, amevunja masharti ya viza yake. Maisha yanaweza kuonekana yanaendelea mpaka siku anapoomba kibali cha kazi, faili lake likafunguliwa. Amwone ofisa wa wanafunzi wa kigeni wiki hii, na si baada ya mitihani.

Kuhusu ile F ya Baiolojia, sitakuambia kwamba haina maana, lakini ningependa uitazame kama mtu mzima. Ilitolewa kwa msichana wa kidato cha nne aliyesoma anatomia ya binadamu kutoka kwenye mchoro wa ubaoni. Wewe wa leo umewageuza wazee kitandani kwa miaka saba, na unajua kwa viganja vyako ni wapi mfupa unakaribia ngozi: kisigino, nyonga, chini kabisa ya mgongo. Somo hilo litakapofundisha kwa nini kidonda cha kulalia huanzia pale na si pengine, wenzako wengi watakuwa wanalisikia kwa mara ya kwanza, nawe utakuwa unapewa jina la kitu unachokijua. Mtu mzima ana mifupa 206. Si michache, lakini nina hakika zaidi ya nusu ya ile muhimu umekwisha kuishika.

Kwa hiyo usisubiri muhula uanze. Mradi wa OpenStax wa chuo kikuu cha Rice, huko Houston, hutoa vitabu vya kiada bure kabisa kwenye intaneti, na kimojawapo ni cha anatomia na fiziolojia chenyewe, kamili na maswali mwishoni mwa kila sura. Kipakue leo. Soma sura ya mifupa kabla ya zamu, na ukifika kazini, kila unapomgeuza mzee, taja kimoyomoyo jina la mahali unapoweka mkono. Wiki mbili za kufanya hivyo zitakupa picha ya uwezo wako bila kulipa hata senti moja, na utakapokaa na mume wako utakuwa na kitu cha kumwonyesha. Kaa naye siku ambayo hatoki usiku. Mpe kalenda, mwonyeshe tarehe zote mbili kwa kalamu nyekundu, mweleze kwamba mpango ni kulipa mara moja, na kwamba mara ya pili itakuwapo tu jaribio la kwanza likikataa. Halafu mwombe kitu kimoja kinachomhusu yeye, kwamba jioni hizo mbili zisiwe za kujadiliwa kila wiki. Somo kama hili halimshindi mtu kwa sababu ya ugumu wake peke yake. Linamshinda pia kwa sababu kila Jumanne mtu anapaswa kujieleza upya kwa nini anatoka.

Nimefika kwa mama yako, na nakiri kwamba barua yako ilinishika zaidi hapo.

Ulichosikia ni kweli. Sheria ya jimbo la Ohio inavitaka vyuo vikuu vya jimbo na vyuo vya jamii kuwaruhusu watu wenye miaka 60 na kuendelea, waliokwisha kuishi jimboni kwa angalau mwaka mmoja, kuhudhuria masomo bila kutozwa ada. Masharti yake ni kwamba wasome bila krediti, pawepo nafasi darasani baada ya wanafunzi wa kawaida kujiandikisha, na mwalimu wa somo akubali. Gharama ndogondogo, kama za maabara, zinaweza kubaki. Hapo Columbus penyewe, chuo kikuu cha Ohio State huendesha utaratibu huo kwa jina la Program 60. Mama yako ana miaka 64 na mkazi wa miaka miwili, hivyo umri na ukazi amevitimiza. (Msomaji ambaye mzazi wake yuko hapa kwa viza ya matembezi asikimbilie hatua hii, kwa kuwa viza hiyo hairuhusu mtu kujiandikisha katika masomo ya chuo; aombe kwanza ushauri wa wakili wa uhamiaji.)

Kwa mama yako, mizani niliyokupimia wewe yote inageuka. Haombi nafasi ya uuguzi, hana mwajiri wa kumrudishia ada, hahitaji alama ya mtu yeyote, na halipi. Kila sababu iliyonifanya nikuambie usisikilize tu, kwake haipo. Utaratibu huu uliwekwa kwa ajili ya watu kama yeye, mwalimu wa miaka 34 aliyekaa dirishani na penseli.

Unauliza watoto atawaangalia nani. Mwanangu, nimeisoma barua yako mara tatu, na kwa maelezo yako mwenyewe watoto wako shuleni tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Vyuo hufundisha mchana. Mama yako anaweza kuingia darasani saa nne, akatoka kabla ya saa sita, akafika nyumbani na muda wa kutosha kabla ya basi. Nadhani ulilijua hilo, na kwamba kinachokutia hofu ni kitu kingine, pengine kwamba mkiwa wawili wanafunzi katika nyumba moja hatakuwapo wa kuishika nyumba. Hofu hiyo naielewa. Lakini mama yako hakuvuka bahari ili awe yaya peke yake, na aliposema kuwa anapitisha muda huku akilifunga daftari, alikuwa anakulinda wewe usijisikie vibaya. Tafadhali usimwache aendelee kukulinda kwa namna hiyo.

Wasiwasi wake utakuwa lugha, kwa sababu Kiingereza cha darasani hapa kina kasi ambayo hata waliokaa miaka kumi hukwama. Ningemwanzisha pasipotarajiwa. Chuo kikuu cha Ohio State hufundisha Kiswahili. Aombe nafasi ya kusikiliza darasa hilo. Mada atakuwa anaijua kuliko yeyote chumbani, kwa hiyo masikio yake yatakuwa huru kufuatilia Kiingereza cha mwalimu kinavyoeleza kitu anachokijua tayari, na hiyo ni njia nzuri ya kuzoea lugha bila aibu. Nina hakika pia kwamba mwalimu wa darasa hilo atafurahi kuwa na mtu aliyewafundisha watoto wa Kitanzania kusoma na kuandika. Muhula wa pili achague mwenyewe, iwe historia au hata hiyo baiolojia.

Wewe huwezi kumjazia fomu kama unavyowajazia watoto; mpeleke, kaa pembeni, na umwache azungumze. Aende wiki moja au mbili kabla ya masomo kuanza, kwa sababu wazee huingizwa baada ya wanafunzi wa kawaida kujiandikisha na nafasi huonekana mwishoni. Abebe kitambulisho cha jimbo chenye tarehe ya kuzaliwa, barua au bili yenye anwani ya nyumba na jina lake ili kuthibitisha ukazi wa mwaka mmoja, na jina la somo analolitaka pamoja na la mwalimu wake, maana sahihi ya mwalimu ndiyo itakayoamua. Na lile daftari la mifupa aende nalo, kwa ajili ya safari ya kurudi kwenye basi, ambapo wewe utamsomea jina la kitabuni na yeye akutajie la Kiswahili.

Shangazi